Shingo ndefu ya tiorba haikuwa ya kubonyezwa

Wengi wakiona picha ya tiorba, ala ya muziki ya nyuzi na ndugu wa udi aliyezaliwa Italia mwishoni mwa karne ya 16, hudhani mpigaji alinyoosha mkono hadi ncha ya ile shingo. Sivyo. Mkono wa kushoto ulibaki kwenye nyuzi fupi. Zile ndefu, mara nyingi 8, zilipigwa bila kubonyezwa, kila moja na noti yake.

Urefu ulitokana na utumbo wa kondoo uliosokotwa kuwa nyuzi. Uzi mfupi wa utumbo hautoi besi mpaka uwe mnene, na ukiwa mnene sauti huwa butu. Fundi akaunga shingo ya pili. Na tumbo la tiorba, vibao vyembamba vilivyopindwa kwa moto na kugundishwa, ni jepesi kupita unavyodhani!