Maskini Hazaliwi na Mrengo

Kila mwaka, nikifikia somo la siasa za Ufaransa, hakosi mwanafunzi wa kuniambia, kwa uhakika wa mtu anayesoma jedwali la kuzidisha, kwamba maskini ni wa mrengo wa kushoto na tajiri ni wa kulia. Nimelisikia hilo hadi limenichosha.

Watazame wakulima wadogo wa Vendée, magharibi mwa Ufaransa, na wenzao wa Creuse, katikati ya nchi, ambao umaskini wao haukutofautiana sana. Mwaka 1791 mapadri walitakiwa kula kiapo cha kuitii katiba. Wengi wa Vendée walikataa, waumini wakasimama nao, na mwaka 1793 eneo hilo likaiasi Jamhuri. Vizazi vilivyofuata viliendelea kuwapigia kura wagombea wa kulia, kwa kuwa kushoto, machoni pao, ni kwa wale waliowafungia kanisa. Wanaume wa Creuse, kwa upande wao, waliondoka kila majira ya machipuko kwenda Paris kufanya kazi ya uashi, na baridi ilipoingia walirudi na ujira mfukoni pamoja na fikra za kijamhuri walizozisikia mjini, na eneo lao likaegemea kushoto. Sikatai kwamba pato lina uzito wake. Hata hivyo, watafiti Michelat na Simon walionyesha mwaka 1977 kwamba uhusiano wa mtu na Kanisa Katoliki ulieleza kura yake kuliko tabaka lake. Ukitaka kukisia mrengo wa mzee wa kijiji cha Kifaransa, usimuulize mshahara. Muulize kama bibi yake alikuwa haikosi misa ya Jumapili.

Wengine hudhani raia husoma ilani kwanza, ndipo achague mrengo. Wa namna hiyo ni wachache. Wengi huukuta mrengo nyumbani kwao kabla ya umri wa kupiga kura.

Si kweli pia kwamba Wafaransa wote walijiita wa kushoto au wa kulia tangu 1789, wabunge walipogawanyika kwa viti kuhusu kura ya turufu ya mfalme, walioiunga mkono wakiketi kulia na walioipinga kushoto. Kwa muda mrefu hayo yalikuwa maneno ya bungeni, na wananchi waliyafanya yao hasa wakati wa kesi ya Dreyfus, afisa Myahudi aliyehukumiwa kwa uhaini asioufanya, na wakati wa ugomvi uliozaa sheria ya 1905 ya kutenganisha dini na dola.

Na anayedai kwamba mirengo ilikufa Macron, aliyejiweka nje ya kushoto na kulia, aliposhinda urais mwaka 2017 atueleze ilikuwaje, mwaka 2024, muungano wa vyama vya kushoto ukapata viti vingi bungeni kuliko kambi nyingine yoyote.