Gudwili ya gereji: unauza nini hasa?

Mwenye gereji hapa Nakuru akiamua kuuza, kwanza huhesabu jeki, kompresa, mashine ya kubadilishia tairi na spea zilizobaki kwenye rafu. Kisha huongeza neno moja: gudwili. Neno hilo laweza kubeba pesa nyingi kuliko vyuma vyote, na wengi hulilipia bila kuuliza wanapewa nini.

Gudwili ni thamani inayobaki ukishaondoa kila kitu kinachoshikika. Ni mazoea ya wateja. Ni dereva wa Probox anayekuja kwako bila kuulizia njia, sacco inayoleta matatu zake zote kwa sevisi, na lori la kwenda Malaba ambalo halipiti mjini kabla breki zake hazijaangaliwa kwako.

Neno hilohilo lina maana nyingine mtaani. Pesa anayopewa mpangaji anayetoka, au mwenye ploti, ili akuachie nafasi, nayo huitwa gudwili. Hiyo ni ada ya kuingia tu. Wateja hawamo ndani yake. Kwa hiyo mnunuzi akitajiwa gudwili ya laki tano, aulize: ni ya mlango au ni ya wateja?

Ile ya wateja hukadiriwa kwa faida. Tuseme gereji inabakiza shilingi 90,000 kwa mwezi baada ya kodi ya ploti, spea na mishahara. Mwenyewe ndiye fundi mkuu na hajilipi. Fundi wa kumrithi atataka 40,000, basi faida halisi ni 50,000, yaani 600,000 kwa mwaka. Wakikubaliana bei ya gereji nzima iwe faida ya miaka miwili, ni 1,200,000. Vifaa na stoki vikiwa na thamani ya 700,000, gudwili ni 500,000. Wauzaji wengi husahau kuutoa mshahara wao wenyewe, na hapo bei hupaa bila msingi.

Lakini katika kazi ya magari, mazoea humfuata fundi. Mteja hakuzoea bango. Alizoea mkono uliosikiliza injini yake ukajua ni plagi. Fundi huyo akiondoka na simu yake, ameondoka na gudwili. Nawasihi wauzaji waanze kuitenga na nafsi zao mapema, hata mwaka mzima kabla ya kuuza. Kila gari liandikwe daftarini: nambari, kilomita, oili iliyowekwa, sevisi ijayo. Laini ya simu iliyo kwenye bango iwe ya gereji. Mafundi wadogo wazoeleke kwa majina, na sacco ikubali kwa maandishi kuendelea na mwenye gereji mpya. Muuzaji naye aahidi katika agrimenti kwamba hatafungua gereji nyingine karibu kwa muda watakaopatana, kisha akae na mnunuzi wiki kadhaa akimjulisha kwa wateja.

Mahali nako kuna lake. Sura ya 301 ya sheria za Kenya humlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5: hatolewi wala kupandishiwa kodi bila notisi rasmi ya angalau miezi 2, na anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Hata hivyo, ulinzi huo haumpi ruhusa ya kumkabidhi mtu mwingine ploti. Mwenye ploti aitwe mezani kabla pesa hazijatoka. Leseni ya kaunti mnunuzi ajichukulie mwenyewe.

Kuna pia Sura ya 500, inayohusu kuhamisha biashara. Notisi ya uhamisho isipotangazwa inavyotakiwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, mnunuzi hurithi madeni ya biashara ya aliyemtangulia, hata kama agrimenti yao inasema hatayabeba. Deni la duka la spea lililoandikwa kwa mwenye gereji wa zamani linaweza kubisha hodi mlangoni mwa mpya.