Ule muhuri mwekundu kwenye risiti

Juzi mama mmoja wa Ahero aliingia ofisini kwangu hapa Kisumu na risiti ya friji, amekata tamaa kabla hata ya kuketi. "Wakili, najua hawanirudishii. Wameandika." Wameandika kweli, tena kwa wino mwekundu: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Friji mpya ya 28,000, imegandisha siku tisa ikanyamaza.

Jamani! Huo muhuri ulichongwa na fundi wa mihuri, si na Bunge. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 kinamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa bidhaa, atake asitake, na maneno ya kuifuta dhamana hiyo ni batili. Ila ukirudisha friji kwa sababu rangi haipatani na kochi, hilo ni lako na kochi lako.

Kinachonichosha zaidi ni ile ya wauzaji, "si tulikuwashia ukaona?" Naisikia kila wiki. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema ukishakagua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ukaguzi HUO. Friji ikichomekwa dukani dakika mbili, taa ikawaka na kompresa ikanguruma, umejua kwamba taa inawaka. Gesi inayovuja polepole hujaiona, wala muuzaji hakukuonyesha. Mkwaruzo wa mlangoni uliouona ukalipa hivyo hivyo, huo umeununua.

Friji ya mtumba je? Hapo hata mimi husitasita. Sheria inataka ubora wa kiasi, haisemi ni siku ngapi wala miezi mingapi. Ya 9,000 ikifa baada ya miezi miwili, mwamuzi mmoja atakupa haki, mwingine atakwambia ulipata cha bei yako, na sitamwona mjinga.

Pa kwenda papo: Mahakama ya Madai Madogo. Tangu 2020 kikomo cha madai yake kilipanda kutoka shilingi 200,000 hadi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili (ndiyo, najinyima chakula). Kushinda ni rahisi kuliko kulipwa, lakini hiyo ni siku nyingine.

Risiti ya mama, ile karatasi ya mashine, ilikuwa imeanza kufifia. Nikaipiga picha kwanza, ndipo nikaandika barua ya madai. Bei ilisomeka kwa shida. Muhuri ulikuwa mwekundu vilevile.