Suluhu, suluhisho na usuluhishi katika utunzaji wa vifurushi

Hivi karibuni mtu ninayemheshimu kwa ujuzi wake wa seva alinieleza kwamba kamati ya mradi fulani wa programu huria "imewasuluhisha" watunzaji wawili waliokuwa wakivutana juu ya kifurushi kimoja, yaani programu iliyoandaliwa tayari kusakinishwa. Nilimuuliza kama sasa wanafanya kazi pamoja. Akajibu kwamba hapana, mmoja ameshajiondoa katika mradi na mwingine amebaki na kifurushi peke yake, ila suala lenyewe limefungwa. Si mara ya kwanza kulisikia neno hilo likitumiwa hivyo, wala si mara ya tano, na kwa kuwa kosa lenyewe halitokani na uzembe bali lina historia inayoeleweka, nimeona ni heri nilieleze kwa maandishi kuliko kuendelea kulinung'unikia.

Usuluhishi, kwa ufupi, ni kazi ya mtu wa tatu ya kuwasaidia waliogombana wafikie wenyewe makubaliano ambayo kila upande umeyaridhia. Msuluhishi hana mamlaka ya kumlazimisha yeyote. Mtunzaji wa kifurushi naye ni yule anayechukua msimbo, yaani maandishi ya programu, ulioandikwa na wengine, akauandaa ili uweze kusakinishwa kwa urahisi katika mfumo fulani, akapokea ripoti za hitilafu na kupakia matoleo mapya katika hazina ya mradi, na aghalabu kazi hiyo huifanya kwa kujitolea, usiku au mwishoni mwa juma. Ugomvi kati ya watunzaji huzuka juu ya jina la amri, yaani neno linaloandikwa ili kuiendesha programu, juu ya viraka (marekebisho madogo ya msimbo) vya kuongezwa au kuachwa, juu ya kasi ya kutoa toleo jipya, na mara nyingi zaidi juu ya swali la nani hasa mwenye kauli ya mwisho. Hayo yanatosha kwa maana. Taabu iko kwenye neno.

Suluhu asili yake ni Kiarabu, sulh, na mzizi wake unaoanza kwa herufi ya swadi hubeba maana ya kutengenea, kufaa na kuwa katika hali njema. Mzizi huohuo umetupa maslahi, yaani yale yamfaayo mtu, na salihi, yaani mtu mwema. Wapo wanaodai kwamba silaha nayo ni ndugu yao, na kisha hujenga juu ya dai hilo mawaidha mazuri kuhusu vita na amani, lakini silaha kwa Kiarabu huandikwa kwa sini, ni mzizi mwingine kabisa, na ufanano tunaousikia umekuja baada ya Kiswahili kuzitamka herufi hizo mbili kwa sauti moja. Kiswahili kilipolipokea neno sulh kililitia kiambishi cha usababishi, likawa suluhisha: kuwafanya watu wawe na suluhu. Yambwa wa kitenzi hiki, yaani wanaotendwa, ni watu. Tunawasuluhisha wagomvi, kama vile tunavyowapatanisha, na hata katika kupatanisha hatua za neno ziko wazi: kupata, kisha kupatana, ambako kila mmoja anampata mwenzake, kisha kupatanisha, yaani kusababisha kule kupatana. Yule wa tatu anatokea mwishoni mwa neno, baada ya wale wawili. Hata watangazaji wa mpira wanaosema kwamba timu zimetoka suluhu wamelihifadhi jambo la msingi, kwamba palipo na mshindi na mshindwa hapana suluhu.

Kisha likaja suluhisho. Hii ni nomino inayotaja tokeo, na lugha ya ofisini pamoja na matangazo ya biashara yameifanya kuwa jina la kila jibu la kila tatizo, kuanzia kichapishi kilichokwama hadi mfumo mzima wa malipo. Sina ugomvi na suluhisho. Hitilafu ya programu ina haki yake ya kupata suluhisho. Ninachokitazama kwa wasiwasi ni jinsi yambwa alivyobadilika kimyakimya. Tukaanza kusuluhisha matatizo badala ya kuwasuluhisha watu, na kwa kuwa miradi ya programu huandika kila jambo kama ripoti yenye namba na hali yake, ambayo ama iko wazi ama imefungwa, ugomvi wa watu wawili nao ukaandikwa kama ripoti. Ripoti ilipofungwa tukasema suala limesuluhishwa, na hatua moja baadaye tukasema watunzaji wamesuluhishwa, ilhali wao hawajazungumza tangu mwezi uliopita.

Kwa kazi ya anayesikiliza pande mbili kisha akatoa neno la mwisho, Kiswahili hakina upungufu wowote. Kuna kuhukumu, lenye mzizi uliotupa hakimu na mahakama, na kuna kuamua. Nitapingwa hapa kwamba kuamua ni pia kuwatenganisha wanaopigana, kwa hiyo hata lenyewe lina harufu ya amani, na pingamizi hilo nalikubali kwa nusu. Anayeamua ugomvi humshika huyu mkono na kumsukuma yule kando. Lakini watazame wale wawili baada ya kuamuliwa: wamesimama mbalimbali, ngumi zimeshuka, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Sijui picha inayofanana zaidi na yale ambayo katika miradi yetu huitwa usuluhishi.

Mahali penye mwajiri na mshahara, kuchanganya maneno haya hakuleti hasara kubwa, kwa sababu aliyeshindwa ataamka kesho na kuja kazini. Mradi wa watu wanaojitolea hauna nguvu hiyo, na mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo endeshi huria wa kompyuta na ulioanzishwa mwaka 1993, ulilitambua jambo hili mapema kiasi cha kuliandika katika katiba yake ya mwaka 1998. Katiba hiyo inasema kwamba hakuna chochote ndani yake kinachomtwika mtu wajibu wa kuufanyia mradi kazi; asiyetaka kutekeleza jukumu alilokabidhiwa anaweza kuliacha, ilimradi asiende kinyume kwa makusudi na maamuzi yaliyofikiwa kihalali. Kamati ya Kiufundi, yenye wajumbe wasiozidi 8, inaweza kuamua ni nani awe mtunzaji wa kifurushi au ni kifurushi kipi kipewe jina fulani la amri, na inaweza hata kutengua uamuzi wa mtunzaji, ila kwa kura tatu dhidi ya moja. Hata hivyo imeagizwa iingie pale tu ambapo juhudi za kufikia maafikiano zimejaribiwa zikashindikana. Hapo ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo, kwa maana katiba yenyewe imeuweka usuluhishi nje ya kamati na kabla yake, katika mazungumzo ambayo hayana kura wala namba. Kamati inaanza pale usuluhishi ulipoishia. Na ikishaamua, inaweza kumzuia mtu, lakini haiwezi kumfanya aandike mstari mmoja wa msimbo.

Mfano ninaoupenda ni wa jina node. Programu moja ya waendeshaji wa redio za ridhaa ilikuwa na jina hilo tangu zamani, kisha ikaja Node.js, programu ya kuendeshea msimbo wa JavaScript, ambayo watumiaji wake kote duniani walitarajia kuiita kwa amri hiyohiyo. Sera ya Debian inakataza vifurushi viwili vyenye kazi tofauti kuweka programu za jina moja, inawataka watunzaji waafikiane ni ipi ibadilishwe jina, na inaongeza kwamba wakishindwa kuafikiana basi zote mbili zibadilishwe. Sharti hilo la mwisho ni la werevu mkubwa, kwa kuwa kusudi lake ni kuwafanya wote wawili waone hasara ya kutoelewana. Limeandikwa ili watu wapatane kabla ya kulifikia. Hawakupatana. Shauri lilifika kwenye kamati mwaka 2012, Node.js ikawa inaitwa kwa amri ya nodejs, pakawa na kifurushi kidogo cha pembeni kwa wanaolihitaji jina fupi, na ile ya redio ikawa ax25-node. Tatizo lilipata suluhisho, tena la kuridhisha kiufundi, lakini kwa miaka mitano maelekezo mengi yaliyoandikwa kwingineko yaligonga mwamba kwenye mifumo ya Debian, hadi kamati ilipouondoa uamuzi wake mwaka 2017 na Node.js ikaruhusiwa kulitumia jina la node.

Mwaka 2014 ulitoa mfano mzito zaidi. Katika swali la mfumo gani uwashe huduma za kompyuta inapoanza kufanya kazi, kura za kamati zililingana, na kura ya uamuzi ya mwenyekiti ikaipa systemd nafasi hiyo mwezi Februari. Kufikia Novemba wajumbe kadhaa wa kamati walikuwa wametangaza kujiuzulu, na kundi lililoupinga uamuzi huo likatangaza kuanzisha mradi wake, Devuan. Sisemi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Swali lile lilihitaji jibu, na kulichelewesha kungewaumiza wengi zaidi. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyehudhuria mvutano ule ambaye angeuita suluhu, na kwamba ni watu wa nje, wanaosoma tokeo pekee, ndio wanaoandika kuwa kamati "ilisuluhisha mgogoro wa systemd".

Hazina ya vifurushi ya npm ilitoa toleo fupi la hadithi hiyo mwezi Machi mwaka 2016. Wasimamizi waliamua kwamba jina la kifurushi fulani liende kwa kampuni iliyolidai, na mtunzaji aliyenyang'anywa akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu, ila kutoweka kwake kuliivuruga miradi mingi ambayo hata haikujua kwamba inakitegemea. Uamuzi wenyewe ulitekelezwa barabara.

Usuluhishi halisi katika kazi hii hauonekani sana, na nadhani hiyo ni sababu nyingine ya neno lake kuibwa na mambo yanayoonekana. Unafanyika mtu wa tatu anapomwandikia kila mmoja faraghani na kugundua kwamba anayekataa kiraka hakipingi, ila anaogopa kuachiwa peke yake mzigo wa kukifuatilia kwa miaka ijayo. Unafanyika wawili wanapokubali kuwa watunzaji wenza, au kifurushi kinapogawanywa ili kila mmoja abebe sehemu aipendayo. Baadhi ya zana za miradi nazo zimejengwa kwa fikra hii ingawa hazitaji amani popote. Katika Debian, asiye mtunzaji anaweza kupakia marekebisho kwenye foleni ya kusubiri, ambako yanaweza kukaa hadi siku 15, ili mtunzaji ayaone, ayakatae au ayachukue kuwa yake. Utaratibu wa kuokoa kifurushi kilichotelekezwa humtaka anayekitaka atangaze nia yake na kungoja siku 21, na mtunzaji akipinga, mwenye nia hana budi kusimama. Muda huo wa kungoja watu wengi huulalamikia kuwa ni urasimu. Kwa maoni yangu ndio nafasi pekee ambayo mtu aliyechoka, aliye safarini au mwenye hasira hupewa ili aseme jambo kabla halijaamuliwa bila yeye.

Na suluhu inaweza kuja muda mrefu baada ya suluhisho. Debian na Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walipotofautiana juu ya alama ya biashara ya kivinjari hicho na viraka ambavyo Debian iliviongeza, suluhisho la mwaka 2006 lilikuwa kubadilisha jina, na watumiaji wa Debian wakafungua kivinjari kilichoitwa Iceweasel. Mwaka 2016 pande zote mbili zilikubaliana kwamba viraka vile havikuharibu ubora wa programu, na jina la Firefox likarudi. Makubaliano hayo hayakuamuliwa na kamati yoyote juu ya vichwa vyao.

Rafiki yangu wa seva, basi, hakuwa mbali na ukweli, na sikumkatiza alipokuwa akinieleza. Angesema tu kwamba kamati imeamua kati ya watunzaji wale wawili, na kwamba kifurushi kimepata suluhisho, ningemwelewa vizuri zaidi na nisingeuliza swali lililomfanya acheke. Neno lile lingine lingeweza kungoja. Yule aliyejiondoa bado anasoma ripoti za hitilafu za kifurushi kile, nimeambiwa, na wiki iliyopita alijibu mojawapo.