QR Yako Haijaisha Muda

"QR yangu imeisha muda, niongezee mwezi." Maneno haya husikika kwenye maduka ya uchapishaji ya Kisumu, Nakuru na Kakamega karibu kila wiki. Anayeyasema huwa tayari amebandika stika kwenye meza zote za hoteli, au amegawa kadi za harusi, au vijitabu vya mazishi vimeshachapishwa na mazishi ni Jumamosi. Kinachouma ni kwamba wengi hukubali kulipa. Wanatozwa kila mwezi kwa kitu ambacho hakina malipo.

Msimbo wa QR ni wino kwenye karatasi, basi. Tangu kampuni ya Denso Wave ya Japani ilipoubuni mwaka 1994, muundo wake haujawahi kuwa na mahali pa kuweka tarehe ya mwisho. Kampuni hiyo iliamua kutodai malipo ya hataza kwa wanaofuata kiwango, na kiwango chenyewe, ISO/IEC 18004, kinajulikana dunia nzima. Vile viraba vyeusi na vyeupe ndiyo maneno yenyewe. Ukiandika https://wa.me/2547XXXXXXXX, herufi zote 26 zimo pale mchoroni, na kamera huzisoma bila kumwomba mtu ruhusa. Stika hiyo itasomeka hata miaka kumi ijayo, mradi haijachanika na laini yako ya WhatsApp bado iko hewani.

Kinachoisha ni kitu kingine. Tovuti nyingi zinazojiita za bure hazikupi QR ya linki yako. Zinakupa QR ya linki fupi yao, ambayo humpitisha mteja kwenye seva yao, yaani kompyuta yao ya mtandaoni, kwanza, kisha ndipo anapelekwa kwako. Hiyo ndiyo wanayoiita QR inayobadilika. Kipindi cha majaribio kikiisha, mara nyingi wiki moja au mbili, wanafunga mlango wa katikati. Stika yako ni nzima na menyu yako ipo, ila mteja anakutana na tangazo la kukudai. Wakati huo wote seva yao imekuwa ikiandika saa, anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) na aina ya simu ya kila aliyeskani. Kwa zahanati au SACCO jambo hili si dogo, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hata kitambulisho cha mtandaoni kuwa kinaweza kumtambulisha mtu.

Kujua uliyo nayo ni ipi kunachukua sekunde tano. Elekeza kamera ya simu kwenye QR, usibonyeze, soma anwani inayotokea. Ukiona uliyoiandika mwenyewe, ni yako na haitaisha. Ukiona anwani fupi usiyoijua, umewekwa kwa mlango wa mtu. Iliyokwisha chapishwa haitengenezeki. Inabidi ichapishwe upya, na ni heri ufanye hivyo leo kabla hujaongeza stika nyingine mia.

"Lakini mimi nabadilisha bei za samaki kila wiki, si nahitaji ile inayobadilika?" Huhitaji. Ikiwa menyu ni PDF kwenye Google Drive, tumia sehemu ya kusimamia matoleo ya faili na upakie toleo jipya juu ya lile la zamani. Linki inabaki ileile. Usifute faili na kuweka nyingine, maana hapo linki inakufa. Na hakikisha ruhusa ni ya yeyote mwenye linki, la sivyo mteja ataambiwa aombe idhini huku ugali unapoa. Njia bora zaidi, ambayo kila mwenye biashara angeifuata, ni kununua jina lako la .co.ke na kuweka anwani kama jinalako.co.ke/menyu. Kila stika inaelekeza hapo, nawe unaamua anwani hiyo impeleke mteja wapi. Jina hilo hulipiwa kila mwaka, na ukilisahau stika zako zitakwama, lakini angalau ni mali yako.

Halafu kuna wanaoamini kwamba lazima ujisajili kwa barua pepe ndipo upate QR. Hapana. Hesabu yote inaweza kufanywa na brauza ya simu yako. Kuna zana za bure zinazofanya hivyo, na unaweza kuzipima mwenyewe: fungua ukurasa, subiri umalize kupakia, zima data na Wi-Fi, kisha andika maneno yako. Mchoro ukitokea, kazi imefanyika ndani ya simu. Ukigoma, ujue maneno yako yalikuwa yanapelekwa kwenye seva. Pakua faili, funga ukurasa, ndipo uwashe data. Kwenye kompyuta, LibreOffice tangu toleo la 6.4 inatengeneza QR yenyewe bila intaneti.

Kipimo hicho ni cha lazima zaidi ukitengeneza QR ya Wi-Fi, kwa kuwa unaandika nenosiri. Na hapa pana dhana nyingine: kwamba QR ya Wi-Fi inaficha nenosiri. Haifichi chochote. Ndani yake mna maandishi ya wazi kabisa, WIFI:T:WPA;S:JinaLaMtandao;P:nenosiri;; na programu nyingi za kusoma QR zitayaonyesha. Wape wageni mtandao wao, tofauti na ule wa mashine ya kaunta.

"Niwekee namba ya Till kwenye QR, mteja akiskani pesa itoke." Haitatoka. QR ya maandishi itamwonyesha namba tu, aikopi mwenyewe. QR ya malipo ina mpangilio wake maalumu, na Benki Kuu ya Kenya ilitoa kiwango chake mwaka 2023. Ichukue kwa anayekupa huduma ya malipo, usiitunge. Ukishaibandika, ikague kila asubuhi kwa kidole, kwa sababu mwizi huweka stika yake juu ya yako.

Kuhusu nembo katikati: watu hudhani kiwango cha juu cha kurekebisha makosa, yaani H, daima ndicho bora. Kinavumilia uharibifu wa takriban asilimia 30, lakini kina gharama. Ile linki ya WhatsApp ya herufi 26 inaenea kwenye gridi ya 25 kwa 25 ukitumia kiwango cha chini yake, M, ambacho huvumilia takriban asilimia 15. Ukipanda H, gridi inakuwa 33 kwa 33 na kila kiraba kinapungua. Kwenye kadi ya biashara, simu yenye kamera hafifu inaweza kushindwa. Chagua H ikiwa kweli unaweka nembo, na nembo isiguse yale macho matatu, yaani miraba mikubwa iliyo kwenye pembe. Acha ukingo mweupe wa upana wa viraba vinne kila upande. Wabunifu hupenda kuukata, na hicho ni chanzo cha malalamiko mengi ya "haiskani". Njano juu ya nyeupe isahau kabisa.

Ukubwa: gawanya umbali kwa kumi. Bango la kusomwa kutoka mita 3 linataka QR ya sentimita 30. Faili iwe SVG, mchoro usiofifia hata ukikuzwa, si picha ndogo ya PNG iliyovutwa hadi ikafifia, na ukiituma kwa WhatsApp itume kama hati, maana ikitumwa kama picha hubanwa.

Kabla ya kuchapisha mia mbili, chapisha moja kwa ukubwa wake halisi, ilaminishe, iweke chini ya taa itakayokuwapo hotelini usiku, na uijaribu kwa simu ya bei nafuu kuliko zote dukani.