Analia au anajiliza? Kwa nini bendi kubwa za roki huzomewa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa miaka 19 alikuja studio kwangu na wimbo wake. Gitaa zito, ngoma za kishindo, maneno ya Kiswahili mwanzo mwisho. Kwenye kiitikio anapandisha sauti mpaka inapasuka, na inapasuka vizuri, kwa namna ambayo huwezi kumfundisha mtu. Siku ya kuchanganya sauti alikaa kimya nyuma yangu karibu saa nzima, kisha akaniinamia sikioni, ingawa chumbani tulikuwa wawili tu: "Kaka, hapo ninapopiga kelele pashushe kidogo. Watasema najiliza."

Nimekuwa fundi sauti kwa zaidi ya miaka 20, na sijawahi kusikia mtu akieleza masaibu ya roki ya uchungu kwa neno moja namna hiyo. Kulia ni kulia. Kujiliza ni kuyatafuta machozi ambayo hayapo, mbele za watu, ili uonewe huruma. Zichambue kejeli zote zilizozipata bendi kubwa za roki ya hasira na majonzi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, iwe Linkin Park, Nickelback, Creed au My Chemical Romance, utakuta shtaka ni hilo hilo: hawa hawalii, wanajiliza. Nataka kueleza shtaka hilo linatoka wapi, kwa sababu sehemu yake kubwa huzaliwa ndani ya chumba kama hiki changu, kwenye mitambo.

Nianze na Linkin Park, kwa kuwa ndio ninaowajua zaidi. Machi 1999 Chester Bennington alikuwa Phoenix, Arizona. Alitumiwa kanda ya bendi ya California iliyokuwa ikiitwa Xero, ambayo ilikuwa inatafuta mwimbaji. Akaiacha sherehe yake mwenyewe ya kutimiza miaka 23, akaingia studio na kurekodi sauti yake juu ya kanda ile. Bendi ikabadili jina, ikabadili tena, ikakataliwa na kampuni moja baada ya nyingine, na tarehe 24 Oktoba 2000, sasa ikiitwa Linkin Park, ikatoa albamu ya Hybrid Theory. Mwaka 2001 hakuna albamu iliyouza Marekani kuliko hiyo. Kwa hesabu za chama cha kampuni za muziki cha huko, imeshafikia kiwango cha nakala milioni 12.

Tetesi zikaanza mapema: hii ni bendi ya kutengenezwa, vijana waliookotwa na kampuni na kuvishwa huzuni kama sare. Walizikana, na historia iko upande wao. Mike Shinoda, rapa wa bendi, na mpiga gitaa Brad Delson walifahamiana tangu utotoni. Chester mwenyewe alisimulia kwamba upande wa kampuni ulijaribu kumshawishi amweke Shinoda pembeni ili yeye awe nyota peke yake, naye akagoma. Bendi ya kutengenezwa haimgomei mtengenezaji. Hata hivyo tetesi zile hazikutoka hewani. Zilitoka kwenye sauti.

Isikilize albamu ile kwa sikio la fundi. Nyimbo 12, hakuna hata mmoja unaofika dakika nne, zote pamoja hazifiki dakika 38. Hakuna tusi hata moja, na hii ni roki ya hasira ya mwaka 2000, wakati tusi lilikuwa kama kitambulisho cha kuonyesha kwamba hasira ni ya kweli. Aliyechanganya sauti ni Andy Wallace, yule yule aliyechanganya Nevermind ya Nirvana mwaka 1991. Mtu huyo anajua kuichukua fujo na kuipanga mpaka ikapita kwenye redio ndogo ya jikoni bila kupoteza nguvu.

Usiku mmoja wiki hii niliuweka tena wimbo wa "Crawling" kwenye spika zangu. Unaanza na sauti ya kinanda cha umeme, nyembamba, kama matone. Halafu, badala ya ubeti, kiitikio kinakuangukia hapo hapo. Magitaa yanasimama kama kuta mbili, kushoto na kulia, na katikati anasimama Chester peke yake. Anashika noti ndefu, inaanza safi, na kadiri inavyokwenda inaingiwa na mchanga, lakini haitoki kwenye mstari hata kidogo. Ghafla kuta zinaondoka. Ubeti unaingia naye anaimba karibu kabisa na maikrofoni, unaweza kuhisi pumzi. Sasa angalia: ile sauti ya chini na ule ukelele vinafika sikioni kwa ukubwa unaokaribiana sana. Hiyo ni kazi ya kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa na kuinua ndogo ili msikilizaji asilazimike kugusa redio yake. Katika maisha, mtu anayelia kwa uchungu anaipita maikrofoni. Sauti inakatika, maneno yanamezwa, kamasi inaingia. Hapa kilio kimepigwa pasi. Chester alieleza kwamba wimbo ule ulihusu ulevi na dawa za kulevya, kujikuta huna tena mamlaka juu ya mwili wako. Uchungu ulikuwa wake. Pasi ilikuwa ya kwetu mafundi. Sikio la mhakiki lilisikia pasi, likahukumu uchungu.

Kuna jambo jingine, la maneno. Nyimbo zile hazina anwani. "Mimi" yupo, "wewe" yupo, na katikati kuna ukuta, jeraha, giza. Ni nani huyo "wewe"? Baba? Mpenzi? Mwalimu? Huambiwi. Linganisha na dansi letu. Marijani Rajab alipoimba huzuni ya mapenzi alitaja jina, Zuwena, na wimbo ukabeba jina hilo. Ukiusikia, unajua kuna mtu, kuna nyumba, kuna siku. Roki ya kina Linkin Park iliacha nafasi ya jina wazi, na kila kijana wa miaka 14 akaandika jina lake mwenyewe hapo. Ndiyo maana iliuza namna ile, kuanzia Los Angeles mpaka Dar es Salaam. Na ndiyo maana hiyo hiyo mtu mzima akiisikia anaona kama fomu ya kujaza. Kwa maoni yangu hili ndilo lawama pekee lenye uzito, na nimewahi kulitoa mimi mwenyewe kwa wasanii wangu. Lakini fomu ile iliwasaidia vijana wengi sana kusema jambo ambalo hawakuwa na maneno yake. Nilikuwa mmoja wao, na siwezi kulichukulia kirahisi.

Nickelback ni kisa cha aina nyingine, cha kuchosha masikio. Walitoka Hanna, mji mdogo katika jimbo la Alberta, Kanada. Kampuni ya Nielsen, iliyokuwa ikihesabu nyimbo zinazopigwa redioni, ilipofunga hesabu za muongo wa 2000 hadi 2009, "How You Remind Me" ya mwaka 2001 ndio uliokuwa wimbo uliopigwa kuliko wote kwenye redio za Marekani, zaidi ya mara milioni 1.2. Namba hiyo ina historia. Mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano ya Marekani iliondoa kikomo cha idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchi nzima. Kampuni moja, Clear Channel, ikafikia vituo kama 1,200. Orodha za nyimbo zikafanana kutoka mji hadi mji. Mtu hakuwa amechagua kuusikia wimbo ule; aliusikia sokoni, kwa kinyozi, kwenye gari la shemeji. Hata pilau ukilishwa kila mlo utaichukia, na hasira yako utamwekea mpishi, si aliyekufungia mlango.

Baadaye mtu mmoja akagundua kwamba "How You Remind Me" na "Someday" za bendi hiyo hiyo zikipigwa pamoja, moja sikio la kushoto na nyingine la kulia, zinalandana. Nimejaribu mwenyewe kwenye kompyuta. Nilisogeza mwendo kidogo tu, na kweli: ubeti unakaa juu ya ubeti, gitaa linapumzika mahali pamoja, viitikio vinalipuka pamoja. Watu walicheka sana, wakaona ushahidi umepatikana. Mimi sikuona kosa. Nyimbo nyingi sana za bluzi zinatumia mpangilio mmoja wa baa 12, yaani vipande 12 vya mapigo manne manne, na hakuna anayeziita ulaghai. Ngoma za mduara nazo zinaweza kupangwa hivyo hivyo ukawasha moja juu ya nyingine, na harusini watu wakaendelea kucheza. Umbo kurudiwa si dhambi katika muziki wa kuchezea. Linageuka dhambi pale ambapo mwimbaji anadai kwamba kilichomtoka ni uchungu wa moyo, kwa sababu tunaamini uchungu hauna kalibu.

Mwaka 2002 katika tamasha la Ilha do Ermal, Ureno, Nickelback walirushiwa mawe na chupa mpaka wakaondoka jukwaani. Mwaka 2011 zaidi ya watu 50,000 walitia saini ombi la kuwazuia wasitumbuize wakati wa mapumziko ya mechi ya Detroit Lions, timu ya mpira wa Kimarekani, ya sikukuu ya Shukrani. Walitumbuiza hata hivyo. Mtafiti wa Finland, Salli Anttonen, alichapisha mwaka 2016 uchambuzi wa tahakiki za albamu zao katika vyombo vya habari vya nchini kwake, na kilio cha wahakiki kilikuwa kile kile: wamepiga hesabu, si wa kweli. Yaani wanajiliza.

Lakini kuna kicheko ambacho hakihusu muziki hata kidogo. Kinahusu anayesikiliza. My Chemical Romance walipopanda jukwaa la tamasha la Reading, Uingereza, mwaka 2006, walimiminiwa chupa. Mashabiki wao walikuwa wadogo, wengi wasichana, wenye wanja na nywele zilizofunika jicho. Mwaka 2008 gazeti la Daily Mail liliwachora kama kundi la hatari linaloabudu kifo, na vijana wakaandamana London kupinga. Mwaka huo huo, Querétaro nchini Mexico, umati wa vijana uliwavamia na kuwapiga wenzao waliovaa mtindo huo wa emo. Pale hapakuwa na hoja ya gitaa wala mpangilio. Kijana wa kiume alikuwa anapigwa kwa kuonekana analia. Mtu anayeniambia kejeli za roki hii ni suala la ladha tu, namrudisha Querétaro.

Halafu kuna wanaowacheka kwa sababu waliwapenda. Hawa nawajua kwa sura. Anakuja studio, jamaa wa miaka 35, tunazungumza muziki, simu yake inajiunganisha na spika na "In the End" inaanza kulia. Anaruka kuizima kana kwamba ameshikwa na kitu haramu. "Hizo za utoto," anasema. Kinachomtia aibu si piano ile ya mwanzo. Ni yeye wa mwaka 2002, mlango umefungwa, mto usoni. Akiicheka bendi mbele yangu anakuwa amenihakikishia kwamba yule mtoto ameshaondoka.

Chester hakuwahi kuficha. Alisema wazi katika mahojiano kwamba alidhalilishwa kingono akiwa mtoto, kuanzia karibu miaka saba, kwa miaka mingi, na kwamba shuleni alionewa. Mei 2017 bendi ilitoa One More Light, albamu laini ya pop, na kelele zikawa kubwa, safari hii hata kutoka kwa mashabiki: wamejiuza. Wiki hizo hizo alimwimbia rafiki yake Chris Cornell, mwimbaji wa bendi ya Soundgarden, kwenye mazishi yake. Tarehe 20 Julai 2017, siku ambayo Cornell angetimiza miaka 53, Chester alijiua. Alikuwa na miaka 41.

Lugha ya wahakiki ilibadilika kwa usiku mmoja. Nyimbo zilizokuwa "za kulialia" zikaitwa ushuhuda. Lilinifurahisha na likaniuma. Hakuna noti hata moja iliyokuwa imebadilika kwenye kanda zile; ni zile zile zilizopigwa pasi na Andy Wallace mwaka 2000. Ina maana tulikuwa tunadai uthibitisho ambao mtu anaweza kuutoa mara moja tu.

Hayo yote sikumwambia kijana wangu. Nilimuuliza tu wimbo ule aliuandikia wapi. Akasema wodini, usiku, akimuuguza baba yake. Nikamwambia mbona wodi haimo ndani ya wimbo, umejaa giza na ukuta na moyo uliovunjika. Akanyamaza. Nikamwomba anitajie kitu kimoja alichokiona huko. Akafikiri, akasema kulikuwa na bakuli la uji lenye mfuniko wa bluu, kila asubuhi alilirudisha nyumbani likiwa limejaa.

Tukarekodi ubeti wa pili upya, bakuli likiwa ndani. Sauti ya kiitikio niliiacha pale pale ilipokuwa.