Kifaranga wa Uwanjani Hajatupwa

Umewaona: ndege wa miguu mirefu myekundu, mgongo wa kahawia, kichwani kama kavaa kofia nyeusi yenye duara jeupe; kwa Kiingereza huitwa crowned lapwing. Wako kwenye viwanja vya mpira, malisho na nyasi za kando ya barabara, Nairobi hadi Serengeti. Hutaga chini, katikati yetu, na hapo maneno huanza.

Husemwa ni mvivu, hana kiota, kadondosha mayai tu. Kiota anacho: kishimo alichokiparua ardhini, ndani mna nyasi kavu na vipande vya kinyesi cha mifugo. Mayai mara nyingi ni matatu, rangi ya udongo yenye madoa meusi. Nimewahi kusimama hatua mbili kutoka hapo nisiyaone, mpaka mzazi aliponirukia kichwani akipiga kelele. Nyasi fupi kazitaka mwenyewe, ili amwone adui angali mbali.

Imani iliyokita zaidi ni ya mkono: eti ukimgusa kifaranga, mama atasikia harufu ya binadamu amkatae. Si kweli. Mzazi aliyeatamia siku 30 hivi hamwachi mwanawe kwa sababu ya vidole vyako. Kinachoua ni kukaa kwetu pale. Saa saba mchana utamkuta amesimama juu ya mayai, anayakinga jua kwa mwili wake. Mkimzunguka na simu mpige picha, jua linayapika mayai naye yuko pembeni analia. Hili linaniuma, maana wanaofanya hivyo wengi wanawapenda ndege.

Halafu kifaranga "aliyetupwa". Huyu haanguliwi uchi kama wa njiwa. Huanguliwa na manyoya mororo, macho wazi, na muda si mrefu anatembea. Halishwi, anadonoa wadudu mwenyewe, wazazi wakimlinda. Wakipiga ukelele wa hatari, hulala kifudifudi na kutulia kama jiwe. Mpita njia anadhani ni yatima.

Mtoto wa jirani aliniletea mmoja kwenye boksi la viatu, kapewa ugali na maziwa. Tulimrudisha palepale alipookotwa, tukaenda kukaa mbali chini ya mti. Haikupita robo saa, mzazi akaita. Kile kilichoonekana kama bonge la udongo kikainuka, kikakimbia kwa vijiguu virefu moja kwa moja hadi chini ya tumbo lake.

Ufukweni yuko mwingine, mdogo, rangi ya mchanga, anayeburuta bawa kana kwamba limevunjika. Hajaumia. Anakuvuta utoke penye mayai yake, na pengine ameshayafukia kidogo kwa mchanga. Rudi ulikotoka, ukiangalia unapokanyaga.

Na yule wa kofia nyeusi akilia usiku wa mbalamwezi si uchuro. Usiku pia huwa macho, na huenda mbwa wako amepita karibu na watoto wake. Mfunge.